Nyama Chini ya Viazi

Mtu aliyezoea sakafu inayocheza, ukimweka juu ya ardhi tulivu hucheza yeye. Ndivyo alivyokuwa Vasta Mbambu tangu arudi kwao Bwera, Uganda. Alikaa, akasimama. Alishika ufagio, akafagia nusu ya ua, akauegemeza ukutani na kwenda kuchungulia barabarani kama anayesubiri gari, na gari lenyewe halikuwepo. Alifungua simu, akaifunga, akaifungua tena. Shangazi yake Teopista, aliyemlea tangu mama yake afariki, alimtazama hivyo kwa siku kadhaa bila kusema neno, na kunyamaza si kazi aliyoizoea Teopista.

"Wewe mtoto," akasema mwishowe, huku akichambua maharage, "iko na siafu ndani ya nguo?"

"Hapana, shangazi."

"Basi kaa chini. Unachosha hata kuku."

Vasta akacheka, akakaa. Maharage hayajafika nusu ya ungo, alikuwa amesimama tena.

Kazi yake ilikuwa baharini. Alikuwa mpishi katika meli ya kitalii, mojawapo ya zile meli kubwa kama mtaa mzima, zinazowazungusha Waingereza wazee bandari hadi bandari ili wapigwe na jua ambalo kwao halipo. Ndani ya meli hiyo mlikuwa na migahawa ya kila namna, yenye vyakula ambavyo kuvitamka tu ni kazi. Vasta hakuwekwa huko. Aliwekwa kwenye baa ndogo ya Kiingereza, sitaha ya chini, karibu na ngazi.

Na kichekesho chenyewe ni hiki. Watu wale walikuwa wamelipa fedha nyingi kuikimbia nyumbani, lakini safari ikianza tu kuchangamka, walianza kuteremka ngazi mmojammoja, wakiona haya kidogo, kuuliza kama kuna soseji na viazi vya kuponda. Kama kuna njegere. Kama kuna ile pudingi ya mkate uliolowa maziwa, ile ya shuleni. Pweza wa ile migahawa mingine walikuwa wamemwona, wakampiga picha, wakatosheka. Sasa walitaka chakula cha bibi zao.

Kilichowamaliza kabisa kilikuwa kotej pai. Ni nyama ya kusaga, inapikwa na vitunguu na karoti mpaka mchuzi uwe mzito, inatandazwa ndani ya bakuli la kuokea, halafu inafunikwa yote kwa viazi vya kuponda vyenye siagi, na kuokwa mpaka juu pawe pa kahawia. Basi. Hakina pilipili, hakina ufundi wa kutisha. Lakini Vasta aliona mambo. Aliona mume na mke walionuniana tangu Lisbon wakila kutoka bakuli moja. Aliona mzee mmoja, jitu la miraba minne lililoendesha malori maisha yake yote, akitia kijiko kinywani, akafumba macho na kusema, "Mama." Toka hapo Vasta akaamini kwamba hakuna moyo duniani usiolainishwa na chakula kile. Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Sasa, huyo mpenzi wake, jina lake Kule. Kule alikuwa ajenti wa forodha pale Mpondwe, mpakani, kazi yake kukimbiza karatasi za malori yanayoingia na kutoka Kongo. Alikuwa amemsubiri Vasta mikataba miwili mizima. Usiku wa Vasta ukiwa jioni ya Kule, au kinyume chake, walionana kwenye simu, na mara moja Vasta alishika simu juu ya bakuli la pai lililotoka jikoni wakati huohuo, akalipasua kwa kijiko ili aone ndani.

"Ona, nyama imelala chini," alimwambia.

"Kama mutu amelala kwa blanketi," Kule akajibu, wakacheka wote wawili mpaka msimamizi akamkaripia Vasta.

Lakini vicheko vya simu havijengi nyumba. Safari hii aliporudi, Kule alimwambia wazi. Watu wake wangekuja kutoka Maliba kuposa. Wazee wakikubaliana, Vasta aende hata mwisho wa dunia, yeye atangoja, maana mke wa mtu hurudi. Wasipokubaliana, hatangoja tena. "Nimechoka kungoja upepo, Vasta," alisema, na hakuwa anatania.

Kwenye simu ya Vasta kulikuwa na ujumbe wa kampuni: mkataba mpya upo, anaurudia au hapana? Hakuwa amejibu. Aliitaka meli na alimtaka Kule. Mshika mbili moja humponyoka, waliotutangulia walisema, na Vasta alikuwa akiujua msemo huo vizuri sana, ila kila ukimjia akilini aliujibu kwamba Mungu hakumpa mikono miwili bure. Kila kitu kilining'inia kwenye Jumamosi hiyo moja ya watu wa Maliba.

"Nitapika mimi," akamwambia shangazi yake.

Teopista alikuwa tayari amepanga: bundu, ule ugali wa muhogo, laini, wa moto, na mbuzi wa vipande vikubwa, mfupa unaonekana. "Wakwe wanakula kwa macho kwanza," alisema.

"Shangazi, hiki chakula kimetuliza watu wenye meli."

"Na nyama itakuwepo?"

"Mbuzi mzima."

Teopista akapima. Mtoto amepikia matajiri wa Ulaya, yeye Teopista ni nani kumfundisha moto? Akakubali, na bundu ikafutwa, kwa sababu Vasta alisema pai haiandikwi mezani pamoja na bundu, zote mbili ni za kushibisha. Hapo Teopista alinung'unika, lakini kidogo.

Ijumaa asubuhi Vasta alikwenda Kasese kutafuta bucha yenye mashine ya kusagia. Mwenye bucha aliitazama ile minofu mizuri ya mbuzi, akamtazama Vasta.

"Tusage yote? Iko mugonjwa nyumbani?"

"Hapana. Ni wakwe."

"Hawana meno?"

Vasta hakuwa na subira ya kueleza. Alikuwa akikanyaga huku na huku pale mlangoni, akitazama simu, akihesabu mambo yaliyobaki: siagi, karoti, viazi ulaya gunia dogo. Jua la Kasese lilikuwa limekwisha kupanda na lami inanuka. Nyama iliposagwa aliichukua bila kungoja hata chenji yake, ikabidi aitwe arudi.

Tanuri aliazima kwa Mama Emérance, Mkongomani wa Butembo aliyekuwa akioka mikate pale Mpondwe kwa ajili ya madereva wa malori. Jumamosi asubuhi walipanga pamoja mabakuli matatu makubwa ya bati. Emérance alitazama nyama ikitandazwa, akaitikia kwa kichwa. Alipoona viazi vinamwagwa juu na kusawazishwa kwa mwiko mpaka nyama yote ikapotea, aliacha kuitikia.

"Unafunika nyama, Vasta? Sasa batajua je?"

"Wakichimba wataiona."

"Mukwe hawezi chimba sahani. Mukwe anakamata ya mbele yake tu, anamshukuru Mungu."

"Watachimba, mama. Harufu itawaambia."

Emérance akafunga mlango wa tanuri. "Ile chakula iko tamu kwa mutu mwenye mama yake alimupikia," alisema. "Mama ya bale ba Maliba hakupika hii." Lakini Vasta alikuwa amekwisha kutoka nje kumtafuta mwenye bodaboda wa kumfikisha nyumbani na mabakuli yake. Maneno yalikuwepo, msikiaji hayupo.

Watu wa Maliba walifika mchana, wanaume saba, wakiongozwa na Yosamu, baba mkubwa wa Kule, mtu wa kahawa na wa kanisa, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Waliketishwa sebuleni na baba mdogo wa Vasta. Kule alikaa dirishani, mwishoni, kama inavyompasa kijana anayeposa. Vasta, kama inavyompasa msichana anayeposwa, alifungiwa jikoni. Hakuruhusiwa hata kuchungulia. Kwa mtu kama yeye, kukaa nyuma ya pazia akisikiliza vikohozi vya wazee ilikuwa adhabu kuliko kosa lolote alilowahi kufanya. Alikuwa amekwisha kupanga vikombe mara tatu.

Mabakuli yakaingizwa yamefunikwa. Watu wakanawa. Teopista, kwa ile sauti yake ya sherehe, akawakaribisha wakwe, akafunua bakuli la kwanza.

Viazi.

Akafunua la pili. Akafunua la tatu kwa haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea. Yote matatu yalikuwa hivyohivyo: viazi, juu pana rangi nzuri ya kahawia, viazi pembe hadi pembe. Teopista alidhani nyama inakuja nyuma. Akasema, "Karibuni, karibuni," akatoka, akasimama mlangoni mwa jikoni na tabasamu lililomganda usoni.

"Nyama iko wapi?"

"Iko hapo!"

"Hapo wapi?"

"Chini, shangazi! Chini ya viazi!"

Teopista alimtazama kwa muda ambao Vasta hatausahau. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na hofu. Aligeuka akarudi sebuleni, na huko akakuta wageni wamemaliza. Walikuwa wamekula kama watu walioelimika wanavyokula wanapopewa kitu kidogo: wamekwangua juu, kila mmoja mbele yake, vijiko viwili vitatu, wamemshukuru Mungu. Maji ya kunawa yalikuwa yakizunguka. Na mgeni akishanawa amekula, hata malaika hawezi kumwongezea.

"Wakwe zangu," Teopista akasema, "samahani, nyama ipo. Iko chini ya viazi."

Yosamu alikuwa amekwisha kusimama, kofia mkononi. "Nyama inafichwaje, mama?" aliuliza kwa upole uleule. "Kwetu nyama ya kufichwa ni ya mwizi. Tumeshukuru. Tumekula viazi."

Mbuzi za mahari hazikutajwa. Siku nyingine haikupangwa. Wakatoka wakiwa wamenyooka, na Kule akatoka nao, nyuma kabisa, akitazama viatu vyake.

Jioni ile Teopista aliwalaani watu wa Maliba mpaka sauti ikakwaruza. Hakumlaumu Vasta, na hilo lilimuuma Vasta zaidi. Majirani walikuwa wameona wageni wakiondoka mapema, na Bwera si mji wa kuficha jambo. Kesho yake kanisani wangesema Teopista amewapa wakwe viazi kama mahabusu.

Vasta alikuwa akiosha vyombo kwa fujo, maji yanaruka, alipofika kwenye bakuli lililokuwa upande wa dirisha. Aliinua mwiko ili akombe mabaki, kisha mkono ukasimama.

Upande mmoja wa bakuli viazi vilikuwa na jeraha. Pembeni palikwanguliwa juu tu, kama kwingine kote, lakini hapo katikati ya jeraha palikuwa pamepona vibaya: viazi vilikuwa vimerudishwa na kulainishwa kwa mgongo wa kijiko, na rangi ya kahawia ilikuwa imechanganyika na nyeupe, na kwenye ufa mwembamba ulioonyeshwa na taa mchuzi ulikuwa umepanda. Kijiko kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye nyama. Kisha aliyekishika akaifunika tena.

Dirishani, mahali pa kijana anayeposa, alikaa mtu mmoja tu.

Jumatatu asubuhi alimkuta kwenye uwanja wa malori pale Mpondwe, bahasha ya karatasi kwapani, anazozana na dereva kuhusu muhuri. Wapagazi walikuwa wakipita na magunia, mizigo ya chumvi, mitumba, na mtu alilazimika kupiga kelele ili asikike. Kule alipomwona alimwambia dereva asubiri. Hakujifanya kushangaa.

"Ulijua," Vasta akasema.

"Nilijua."

"Ulifika kwenye nyama."

"Nilifika." Alihamisha bahasha kwapa lingine. "Ilikuwa tamu harufu yake."

Vasta alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapika njia nzima. Yote yakamwishia. "Shangazi yangu alisimama mbele ya watu kama mwizi, Kule. Neno moja tu. Ungesema, baba mukubwa, chimba. Neno moja!"

"Ningesema, angechimba. Angekula, angefurahi, angesema ndiyo. Na wewe ungeenda."

"Ulisema utangoja!"

"Nilisema." Kule alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Nilikaa pale nikakuwaza. Kila ukirudi unakaa hapa kama mutu anangoja lori lake lipite forodha. Unaongea na mimi, macho kwa simu. Nikajiuliza, nikioa huyu nitakuwa nimeoa nini? Lakini mimi kusema hapana, sikuweza. Nilikuwa mwoga. Nikaona afadhali wazee waseme kwa ajili yangu. Nikafunika nyama."

Vasta alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika shati lake, kichwa akiweke hapo kifuani, wanywe chai, wacheke, mambo yarudi yalivyokuwa.

"Basi nisikilize," Kule akasema, akasogea ili asipige kelele. "Kosa ni langu. Leo hii nitaenda Maliba, nitamwambia baba mukubwa, nyama ilikuwepo, nilijua, nilinyamaza. Atanitukana, atarudi hapa na mbuzi. Najua mimi atarudi. Wewe niambie kitu moja tu. Sema, Kule, meli nimeacha. Sema tu hivyo."

Dereva alipiga honi. Kule hakugeuka.

Neno lilikuwa fupi. Mtoto angeweza kulisema. Vasta alifungua mdomo, na alichokiona badala ya neno kilikuwa ile ngazi ya sitaha ya chini, na mzee mwenye haya anateremka kuuliza kama kuna pai, na yeye Vasta amefunga aproni, sakafu inacheza kidogo chini ya miguu, na kila bandari ni mpya, na hakuna anayemwambia kaa chini. Alisubiri picha hiyo ipite ili aseme. Haikupita. Akafunga mdomo. Akafungua tena. Honi ikalia mara ya pili.

"Umelisikia jibu lako?" Kule akauliza taratibu.

"Kule, mimi—"

"Nimelisikia pia." Alipangusa uso kwa kiganja. Hakuwa ameshinda chochote, na ilionekana. "Maliba nitaenda tu. Shangazi yako asibebe aibu yangu."

"Na mimi?"

"Wewe nenda, Vasta. Lakini usiseme nitangoja."

Akarudi kwa dereva wake, akaanza upya kuzozana kuhusu muhuri, sauti imepanda kuliko ilivyohitajika.

Vasta alisimama pale mpaka mpagazi akamwomba njia. Na jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe ni kwamba kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa nafuu. Kifua kilifunguka, pumzi ikaingia yote. Uchungu ulikuja nyuma yake, njiani, karibu na kwa Mama Emérance, akalia barabarani mchana kweupe, watu wa bodaboda wakipunguza mwendo kumtazama. Alilia kwa sababu alimpenda Kule. Alilia pia kwa sababu alijua kuwa hata angempenda mara mbili ya hapo, lile neno lisingetoka.

Alipofika nyumbani alijibu ujumbe wa kampuni akiwa amesimama uani. Ndiyo. Anaurudia.

Teopista alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa bado na Maliba rohoni. "Umemwona?" aliuliza. "Amesema nini, yule mutoto wa watu wabaya? Ni yeye amekataa ao ni ule mzee wa kofia?"

Ilikuwa rahisi kusema ni yeye. Kule mwenyewe alikuwa amekwisha kukubali kuubeba mzigo, na mji mzima ungeamini. Vasta alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa ameaibika mbele ya wakwe bila kumnyooshea kidole hata kimoja.

"Ni mimi, shangazi," akasema. "Aliniuliza kama nitabaki. Sikuweza kumjibu."

Teopista alikaa kwenye kigoda. Mikono yake, ambayo haikuwa na kazi ya kufanya, ilikuwa ikikunja kanga na kuikunjua.

"Wanakuchukua lini?" akauliza.

"Bado sijui. Mwezi ujao, labda."

"Ukijua uniambie mapema," Teopista akasema. "Nisije nikakuzoea tena."